Siku Niliyosema Niko Kadi

Binti wa Mzee Langat alinipata Salgaa, nikiwa nimeegesha lori kando ya hoteli ya mama mmoja anayepika chapati laini kuliko zangu, na sioni haya kulisema. "Anti Nyambura," akaniambia kwa simu, "Jumamosi mzee anafikisha themanini. Tunafanya shukrani hapa nyumbani, Olenguruone. Amesema kama hauko, hakuna keki itakatwa." Nikacheka, nikamwambia nitafika, na hata nilikuwa na viazi vya kuchukua upande huo. Nilipokata simu nikasukuma sahani ya chapati kando. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, nimeteremka milima ya Mau na tani kumi nyuma yangu, kwa mvua na kwa ukungu, sitishwi ovyo. Lakini kuna jambo moja nililomficha mzee huyo tangu nikiwa na miaka ishirini na minne. Kanisani nimeungama mengi, mengine hata hayakuwa na haja ya kuungamwa, na hilo moja nikaliruka kila mara. Anayetaka kujua ilikuwaje msichana wa kupima maziwa akawa dereva wa lori, jibu liko hapo. Nikaapa kwamba Jumamosi nitalisema, nikaitisha chai ya pili.

Mwaka huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo cha kupoza maziwa, kule Bahati. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mlangoni na gambuti zangu, zile buti ndefu za mpira, kipimo mkononi, na mbele yangu foleni ya wakulima wenye mikebe: wa baiskeli, wa punda, wa kubeba mgongoni. Kazi yangu ilikuwa kunusa, kutumbukiza kipimo, na kuamua kama haya ni maziwa ama ni maziwa na mto. Kusema kweli, kipimo chenyewe kilikuwa cha kuthibitisha tu. Uso wa mtu ulikuwa umeshaniambia. Mwenye maziwa safi anaweka mkebe chini, anasema "Sasa," ananyamaza, anangoja. Aliyeongeza maji ndiye huja na salamu ndefu. "Nyambura wetu! Umeamkaje? Mama anaendeleaje? Na ile ng'ombe yenu ilizaa?" Mtu akifika kwa ng'ombe yetu kabla sijafungua kifuniko chake, nilikuwa namwambia pole pole, "Mzee, rudi nayo nyumbani, wape watoto." Wengine walikasirika, wengine wakacheka, na kesho yake wakaja na maziwa ya ukweli na bila salamu.

Ikifika saa nne foleni imeisha. Maziwa yako ndani ya tangi, mashine inanguruma, na mpaka yapoe hakuna cha kufanya. Tulikuwa wanne pale. Mama Shiro alikuwa mpishi, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, na githeri yake ya mahindi na maharagwe ilikuwa inaweza kukufanya usahau umelipwa nusu mshahara. Barasa alikuwa fundi wa mashine, mtu mpole aliyezoea kuongea akiangalia bisibisi yake. Wa nne ni Mzee Langat, dereva wa lori la tangi, aliyekuwa anangoja maziwa yapoe ndio ayapeleke kiwandani mjini. Mzee alikuwa mrefu, koti moja mwaka mzima, kofia ya sufu, na mimi aliniita Chepkoech, jina la kwao la msichana aliyezaliwa alfajiri, kwa sababu ndio wakati alikuwa ananikuta kazini. Tulikaa stoo, nyuma ya jiko, chumba chenye harufu ya sabuni ya kuoshea mikebe na moshi wa kuni. Meza yetu ilikuwa mlango wa zamani uliowekwa juu ya kreti mbili, na kitasa chake bado kilikuwa pale, kikigonga kikombe cha Barasa kila akigeuka.

Tulianza na kadi, ile ya kawaida ambayo kila mtu hapa kwetu ameijua tangu shule ya msingi. Unajua sheria yake: ukibaki karibu kumaliza, lazima utangaze. Unasema "Niko kadi," wote wasikie, la sivyo hata ukimaliza hujamaliza. Na usiseme uongo, ukisema uko kadi na hauko, unaadhibiwa kuokota. Basi mwezi wa pili hivi Mzee Langat akasema amechoka na mchezo wa watoto, atatufunza poka ya wenyewe. Alikuwa amejifunza kwenye ranchi moja upande wa Gilgil alikokuwa dereva zamani, akingojea wageni wa meneja wamalize kucheza, yeye amesimama dirishani na chai yake. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa tano za wote, tatu kwanza, halafu moja, halafu moja. Unaunganisha zako na za meza, na kila zinapofunuliwa unaweka kitu katikati, ama unatupa karata zako na kukaa kando. "Na hakuna kipimo," akasema mzee. "Ukitaka unaweka moja, ukitaka unamwaga kopo lote. Wenzako wakiogopa wakatupa zote, umekula, na hakuna mtu ako na ruhusa ya kuuliza ulikuwa na nini."

Cha kuweka kilikuwa maharagwe. Kila mmoja alikuwa na kopo lake, na Mama Shiro ndiye aliyekuwa mwenye benki, kwa maana kwamba mchezo ukiisha anayarudisha yote kwenye beseni, anayaloweka, na kesho tunayala. Yalitufaa kwa njia nyingine pia. Mwenyekiti wa kituo alikuwa mzee wa kanisa, na karata kwake zilikuwa mlango wa jehanamu. Siku moja aliingia stoo bila kubisha. Barasa akafunika karata kwa kofia, Mama Shiro akavuta beseni katikati, na mwenyekiti akatukuta vichwa vinne vimeinama tukichagua mawe kwenye maharagwe kwa bidii ya ajabu. Akasimama. Akatutazama sana. "Hii ndiyo umoja ninahubiri kila Jumapili," akasema. "Hata dereva anachagua maharagwe!" Akaondoka akiwa amefurahi, na wiki iliyofuata akatusifu mbele ya wanachama. Mama Shiro alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

Lakini mchezo wenyewe, wee, ulitushinda kwa sababu tulikuja nao na kichwa cha kadi. Kwenye kadi, ile mbili ni silaha, unamwokotesha mwenzako karata. Kwa hivyo Mama Shiro akipata mbili alikuwa anang'aa uso mzima na kusukuma maharagwe, na mzee anamwambia, "Mama, hapa mbili ni takataka," na yeye anajibu, "Takataka aje na kwa kadi inaokotesha watu?" Mbaya zaidi ilikuwa mdomo. Tulikuwa tumezoea kutangaza. Mtu anapata esi mbili, kabla hajajua anasema, "Niko kadi!" Sisi wengine tunatupa zetu palepale, anabaki amekumbatia maharagwe matatu. Mzee Langat alikuwa anavua kofia na kuipiga kwenye goti. "Nani amekuuliza? Polisi amekuuliza?" Barasa alipona baada ya mwezi mmoja. Mama Shiro alipona mvua kubwa zilipoanza. Mimi sikupona. Nikipata karata nzuri maneno yalinitoka yenyewe, pole pole, kama mtu anayeota, na nikishika mdomo yameshatoka. Ikawa inajulikana kwamba Nyambura akisema niko kadi, wewe tupa tu, okoa maharagwe yako.

Na kudanganya ndiko kabisa sikuweza. Nililelewa na watu waliookoka, wa kuungama mpaka sukari uliyolamba. Mzee alinifunza kwa subira, siwezi kumnyima sifa hiyo. "Chepkoech, karata zako hakuna mtu anaona," alikuwa anasema. "Watu wanaona maharagwe. Sukuma hiyo maharagwe kama mtu ako na ng'ombe hamsini nyumbani." Akanionyesha karata mbaya kuliko zote za kuanzia, saba na mbili za rangi tofauti, zisizoweza hata kufuatana. "Hii ukipata, tupa, hata usiangalie mara mbili. Lakini siku moja moja, mara moja kwa mwaka, cheza nayo kama imekuja na barua kutoka kwa chifu. Hakuna mtu ako na akili atafikiria unayo." Nilijaribu. Nilisukuma maharagwe, nikakaza uso, na chini ya meza mguu wangu ukaanza kutetemeka ndani ya gambuti iliyojaa maji ya kuoshea sakafu: kwapu, kwapu, kwapu. Wote watatu wakainamisha kichwa kusikiliza. Mama Shiro akasema, "Nyambura, wewe unataka kudanganya lakini gambuti yako imeokoka." Nimeambiwa utani mwingi maishani na bado huo ndio unaonichekesha nikiwa peke yangu barabarani.

Kitu nilichokuwa nakitaka mwaka huo, nakisema wazi, ni lile lori. Wenzangu wa umri wangu walikuwa wanataka harusi. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na kipimo changu, nikimwangalia Mzee Langat akipanda, akifunga mlango, akishusha kioo, na lile tangi kubwa likitoka getini polepole likiwa limejaa maziwa niliyoyapitisha mimi. Nilimwomba anifunze tangu Januari. Alinijibu kwa heshima na alinijibu vibaya: "Lori si jembe, msichana." Nikimwuliza tena, "Breki ya hii kitu inataka mguu wa mwanamume." Nikimwuliza mara ya kumi anajifanya kiziwi. Halafu Novemba akatangaza kwamba Krismasi anastaafu, anarudi kwa ng'ombe zake Olenguruone, na dereva mwingine ameshapatikana. Nililia jikoni siku hiyo, nikasingizia vitunguu, na Mama Shiro alikuwa anapika uji.

Ni yeye aliyemkabili mzee. "Mzee, huyu mtoto amekuomba mwaka mzima. Kama hutaki kumfunza, mchezee. Mchezo mmoja, nyinyi wawili, atakayeondoka na maharagwe ameshinda." Mzee akanitazama, akaitazama gambuti yangu, na nikaona amefurahi. "Sawa. Akishinda nitamfunza mpaka apate leseni. Nikishinda, hakuna kuniuliza tena, hata kwa macho." Barasa akachanganya karata. Mimi nikavua gambuti zote mbili na soksi, nikazisukuma mbali kabisa, nikaweka nyayo zangu kwenye sementi baridi. Nikainua karata zangu kidogo kwa kidole gumba. Saba ya maua. Mbili ya kopa.

Nilitaka kucheka na nilitaka kukimbia. Mwaka mzima wa maombi, na Mungu ananipa saba na mbili! Mchezo ni mmoja, kutupa ni kushindwa, kwa hivyo nikaweka maharagwe. Mzee akaongeza. Nikafuata. Mezani zikaja kingi, tisa na nne. Sina kitu. Mzee akaongeza tena, huku akinisemesha, "Chepkoech, mama anaendeleaje siku hizi?" Nikasema hajambo. Ikaja jeki. Sina kitu. Akasukuma ngumi nzima ya maharagwe. "Na ile ng'ombe yenu, ilizaa?" Nikasema ilizaa dume, nikafuata, na hata sikumwangalia, macho yangu yalikuwa kwenye kitasa cha ule mlango nikijiambia pumua, Nyambura. Ikaja ya mwisho, tano. Sina kitu kabisa. Nikaona lori likitoka getini bila mimi, leo, kesho, siku zote. Basi nikainua kopo langu kwa mikono miwili, nikalimwaga. Maharagwe yakaruka mpaka sakafuni. Na hapo, kwa sauti ile ile ya mtu anayeota, sauti ambayo wote walikuwa wanaijua, nikasema, "Niko kadi." Kisha nikaziba mdomo kwa kiganja, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote.

Mzee Langat alivua kofia. Akaivaa. Akaangalia chini ya meza, akaona miguu yangu imetulia kama ya maiti. "Huyu hajui kusema uongo," akamwambia Barasa, kwa uchungu, kama mtu anayelalamika kwa chifu. Akazitupa karata zake kifudifudi, akazichanganya na zile zingine. Mama Shiro alipiga vigelegele mpaka mwenyekiti akaja kuuliza kuna nini, akaambiwa maharagwe yamemwagika. Mimi niliokota karata zangu mbili haraka, nikazisukuma katikati ya pakiti, na jioni hiyo nikamsikia mzee nje akimwambia Barasa, "Nilitupa kingi mbili, bwana. Na nyingine ilikuwa mezani. Kingi tatu! Lakini msichana alikuwa na kwini na kumi, zimefuatana zote. Niliona." Nikasimama nyuma ya mikebe nikiwa nimeshika kifua. Kingi tatu! Mtu ametupa kingi tatu kwa kuamini neno langu.

Ningemwambia, kama kesho yake asubuhi hangenitupia funguo. Na baada ya hapo ningemwambiaje? Alinifunza wiki sita kwenye uwanja wa nyuma ya kituo na barabara za mashamba. Niliangusha nguzo ya geti, akaisimamisha mwenyewe. Nilipanda kilima na gia mbaya, akasema tu, "Gia," na sauti hiyo naisikia mpaka leo. Siku ya kwanza niliyotoa tangi likiwa limejaa, leseni mpya mfukoni, wakulima walishusha mikebe yao barabarani wakanipigia makofi, na mama mmoja akaniwekea maua ya viazi kwenye kioo cha pembeni. Mzee alikuwa ameketi kando yangu, mikono juu ya magoti, akiangalia mbele kwa maringo, na mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, huyo ndiye mimi wa ishirini na nne, sijawahi kuwa na furaha kubwa kuliko hiyo, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua.

Basi Jumamosi nikaegesha lori chini ya boma lake Olenguruone, nimejaza viazi, nikapanda kwa miguu. Kulikuwa na hema, mbuzi wamechomwa, mursik, yale maziwa yao ya mgando, inazunguka kwenye vibuyu, wajukuu wengi hata yeye alikuwa anakosea majina. Barasa alikuja, ameota mvi. Mama Shiro hayupo tena duniani, na nilipoonja githeri yao nilimkumbuka kwa nguvu, haikuwa na chumvi ya kutosha. Mzee akapewa nafasi ya kuongea, na badala ya kushukuru watu akaanza hadithi ya maharagwe. Alivyosimulia, alikuwa ameipamba miaka ishirini na mitatu. "Nikatupa kingi tatu!" akasema, na wajukuu wakamalizia naye, maana wanaijua kwa moyo. "Kwa sababu mtu mkweli akisema ako kadi, ako kadi. Huyo Chepkoech hajawahi kusema uongo."

Nilisimama bila kuitwa. "Mzee, nisamehe," nikasema mbele ya watu wote. "Sikuwa na kwini. Sikuwa na kumi. Nilikuwa na saba na mbili. Nilikudanganya, na umenifanya mtu kwa sababu ya uongo wangu." Barasa akashika kichwa. Mzee Langat akanitazama mdomo wazi, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani anapatwa na kitu, binti yake akainuka. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akakohoa, akapewa maji, akacheka tena.

"Nane na tatu," akasema alipoweza.

"Nini?"

"Mimi nilikuwa na nane na tatu. Kingi gani? Sikuwa na kingi! Ningewaambia watu nimeshindwa na msichana nikiwa na nane na tatu?"

Barasa ndiye aliyehesabu kwa vidole, akiangalia meza kana kwamba karata bado ziko pale. Kingi, jeki, tisa, tano, nne. Hakuna aliyekuwa na kitu. Nane inapita saba. "Mzee," akasema taratibu, "ungefuata tu, ungekula." Na hapo ndipo iliponipiga. Mama anaendeleaje. Ng'ombe yenu ilizaa. Mpimaji wa maziwa mzima, mwaka mzima nawarudisha watu nyumbani kwa salamu hizo, na siku ya maisha yangu mzee alikuja mbele yangu na mkebe uliojaa maji matupu, akanisalimia mpaka ndama, na sikunusa. Kama mmoja wetu angekuwa na akili siku hiyo, karata zingefunuliwa, nane ingenila, na ningekuwa bado mlangoni na gambuti. Niliketi chini kwenye nyasi nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Basi mchezo ulikuwa wangu," akasema mzee, na akanyoosha mkono. "Leseni."

"Mzee!"

"Leta leseni. Haikuwa yako."

Nikamtolea. Akaisogeza karibu na macho, akaisoma mbele na nyuma, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti na kufunga kifungo. Nikamwambia viazi viko kwa gari na vinangojwa mjini, nitaendesha aje? "Mtu bila leseni anaendesha na mwalimu kando," akasema, na akaitisha fimbo yake. Wajukuu watatu walimpandisha, mmoja akisukuma, wawili wakivuta, na binti yake akipiga kelele kwamba keki haijakatwa. Akasema ikatwe, sisi tunafika tu barabara kubwa na kurudi. Akaweka mikono juu ya magoti. Nikawasha, tukaanza kuteremka, na kwenye mwinuko mdogo akasema, "Gia," nikabadilisha. "Hii leseni nitazikwa nayo," akaniambia. "Nimeapa. Hata uombe aje."

Tukakunja kona ya kwanza. Akajikohoza kidogo.

"Chepkoech," akasema, "mama anaendeleaje siku hizi? Na ile ng'ombe yenu, ilizaa?"

Nikanyoosha mkono wa kushoto bila kutoa macho barabarani. "Mzee, lete leseni yangu."